Dirisha Lililozibwa kwa Udongo

Mashimoni, Kibera
Jumamosi alasiri

Nekesa, mayi, binti yangu,

Bi Zuhura ni mimi.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikizungukazunguka nitachoka kabla sijafika, na siku hizi nachoka hata kwa kufunga vifungo vya shati. Yule Bi Zuhura ambaye riwaya zake za mapenzi ya zamani zilitandazwa juu ya turubai pale kituoni, kati ya vitabu vya mitihani na vitabu vya maombi. Yule ambaye wasichana wa shule yako walimsoma chini ya dawati. Yule ambaye mimi, mzee wa kanisa, nilisimama mbele ya washirika nikasema anaharibu vijana. Huyo hajawahi kuwa mwanamke, hajawahi kuishi Lamu kama ilivyoandikwa nyuma ya vitabu, wala hana paka watatu. Ni baba yako, mwalimu wa darasa la saba, na alianza kuandika katika chumba hiki unachokiacha kesho.

Najua utacheka. Cheka kwanza. Mama yako alicheka kwa miaka kumi na minne na hakuchoka.

Lakini kuna jambo la pili, nalo halichekeshi. Linakuhusu wewe. Nitalifikia kabla hujarudi, au nitaichana barua hii niitie jikoni, na utasafiri bila kujua. Nimekwisha kuandika barua kama hii mara mbili na kuzichoma.

Umetoka saa saba kwenda kumuaga Senge wako kule Kawangware 46. Namjua dada yangu. Hatakuachilia kabla hujala kuku na kuombewa na kila jirani mwenye sauti, kwa hiyo ninao muda hadi magharibi. Maagizo ya safari atakupa yeye: soksi, pasipoti, wanaume wa Ujerumani. Mimi sina maagizo. Daktari alipokwambia moyo wangu umechoka ulitaka kuahirisha safari, nami nikakufokea kama mwanafunzi mchelewaji. Sasa ujue nilikuwa naogopa. Sisi wawili tunajua, ingawa hatusemi, kwamba kesho tukiagana hapo barazani tumeagana kweli.

Umezaliwa ndani ya nyumba hii, kwa hiyo hujawahi kuiona. Kwako ni kuta za udongo zinazomwaga vumbi kwenye chai, mabati yaliyopakwa lami, na baraza ambayo vijana wanaigeuza kinyozi kila Jumapili. Mimi nilipoletwa hapa na dalali, nikiwa mwalimu mpya kutoka Bungoma mwenye godoro moja na sufuria mbili, nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Nguzo za mlango zilikuwa mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Ukutani kulikuwa na msumari mmoja mkubwa, peke yake. Na upande ule unaotazama reli kulikuwa na dirisha lililozibwa kwa udongo, fremu yake ya mbao ikionekana bado. Nyumba zote zilizoizunguka zilikuwa za juzi. Hii ilikuwa na umri.

Nilitundika koti langu kwenye ule msumari. Mara sauti ikatoka uani.

"Mwalimu! Toa koti hapo. Huo msumari si wa wapangaji."

Alikuwa mwenye nyumba, Bibi Hajra, binti wa askari Mnubi aliyeijenga nyumba hii enzi za Waingereza. Baadaye wewe ulimwita Haboba, kama wajukuu zake walivyomwita, yaani nyanya kwa Kinubi.

"Ni wa nani basi?" nikauliza.

"Wa baba yangu. Siku aliyooa alitundika mkanda wake wa jeshi hapo. Akamwambia mama, siku nikiutoa, ujue nimekuacha. Ulikaa hapo mpaka yeye mwenyewe akatolewa maiti, mkanda ukiwa bado haujatoka."

Nililichukua koti nikaliweka kitandani. Wiki ile nikaanza kuandika. Karatasi sikuwa nazo, nikaandika nyuma ya mitihani ya zamani ya wanafunzi. Na kwa kuwa kalamu tulizopewa shuleni zilikuwa za kusahihishia, mahaba yote ya Bi Zuhura yaliandikwa kwa wino mwekundu. Geuza ukurasa ambao askari anamshika mchumba wake mkono, nyuma yake utakuta mtoto ameandika kwamba ng'ombe ni ndege, na mimi nimempa sifuri.

Hapo ndipo niseme habari za wino huo mwekundu, kwa sababu ndio ugonjwa wangu, kuliko huu wa moyo.

Kabla hatujaoana, mama yako aliniandikia barua kutoka Webuye. Kurasa mbili. Ilikuwa barua ya kwanza ya mapenzi niliyowahi kupata, na unajua nilifanya nini? Niliisahihisha. Nilitia mikato, nikazungushia maneno mawili, nikaandika chini: *Vizuri. Ongeza bidii.* Nikamrudishia kwa posta. Naapa nilidhani nampa zawadi. Miezi miwili kimya. Kisha ikaja bahasha, na ndani barua ileile imeandikwa upya kwa mwandiko safi, mistari minne tu, bila kosa hata moja: *Mwalimu, nimefanya masahihisho. Mapenzi nimeyatoa. Yalikuwa na makosa mengi.*

Nilipanda basi siku hiyohiyo. Alinikuta nimesimama nje ya boma lao na viatu mkononi, kwa sababu ya matope, akasema, "Aah, mkaguzi wa shule amefika." Alinisamehe, lakini hakuniandikia barua tena maishani. Nikisafiri, alikuwa akituma salamu kwa mdomo. Hasara hiyo siwezi kukuelezea. Mtu akikuonyesha moyo wake, hajakuletea kazi ya kusahihisha. Ningejifunza jambo hili kikamilifu wakati ule, barua hii ingekuwa fupi, na ungekuwa mtu mwingine kidogo.

Mama yako ndiye aliyekuwa msikilizaji wangu. Mimi nilisoma, yeye akisonga ugali.

"Hapo umedanganya," alikuwa akisema.

"Wapi?"

"Hapo msichana anapomwambia eti yeye ni nuru ya macho yake. Ametembea toka asubuhi, Wafula. Hakuna mwanamke anayesema hivyo na njaa. Mpe chakula kwanza."

Kwa hiyo, mayi, ukisoma riwaya za Bi Zuhura utaona watu wanakula kabla ya kupendana. Wasomaji walidhani ni mila za Lamu.

Riwaya ya kwanza, ile ya mkanda, nilimsomea Haboba pale barazani, siku tatu mfululizo, yeye akisuka vikapu vyake. Nilikuwa nimempa baba yake maneno matamu ya kurasa nzima. Nilipomaliza aliweka kikapu chini, nikaogopa amekasirika.

"Baba yangu," akasema, "alikuwa mtu wa kukohoa tu. Akitaka chai, anakohoa. Akimpenda mama, anakohoa. Haya maneno hakuyasema hata moja."

"Nisamehe, Haboba. Nitayaondoa."

"Uyaondoe uyapeleke wapi? Yaache. Mama aliyangoja miaka arobaini."

Nadhani siku hiyo nilielewa kazi ya riwaya za mapenzi ya zamani, nami sijapata maelezo bora mahali popote.

Utauliza kwa nini nilijificha. Nilikuwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu msaidizi, kisha mzee wa kanisa, na kila cheo kilinipa sababu mpya ya woga. Siku ile mama mmoja wa kwaya alipokuta riwaya ya pili kwenye mfuko wa binti yake, mchungaji aliniambia, "Mwalimu, wewe ni msomi, sema neno." Nikasema neno. Nikalisema robo saa. Mama yako alikuwa benchi la tatu ameziba uso kwa leso, mabega yakimtikisika, watu wakadhani analia kwa kuguswa. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Sasa umemtukana Bi Zuhura hivyo, ataandika tena kweli?" Nami nikacheka naye. Lakini sikulala vizuri. Nilikuwa nimekipita njiani kitu ninachokipenda, kama sikijui. Ukishafanya hivyo mara moja na watu wakakupigia makofi, mara ya pili huwa rahisi.

Sasa lile dirisha.

Umelala chini yake tangu utotoni. Juzi nimeona hata hapo umebandika kikaratasi chako cha neno la Kijerumani, kama ulivyobandika kwenye kabati, kikombe na mlango. Haboba alinieleza habari yake mwaka wa kwanza. Shangazi yake, Zainabu, alichumbiwa na askari aliyepelekwa Burma vitani. Akawa anakaa kwenye dirisha hilo, kila treni inayopita anasimama. Vita vikaisha, wenzake yule askari wakarudi bila yeye, Zainabu akaendelea kusimama. Mama yake Haboba akaona aibu, au huruma, sijui, akakanda udongo na kinyesi cha ng'ombe akaliziba.

"Akaacha kungoja?" nikauliza.

"Wapi! Alivuta kigoda chake akakaa palepale, anatazama udongo. Mpaka uzee. Mpaka kufa."

Nilijaribu kuiandika hadithi hiyo mara tatu. Kila mara niliandika vizuri mpaka kwenye kigoda, kisha nikakwama. Nikimrudisha yule askari, ni uongo ambao hata mama yako hakuumeza. Nikimwacha Zainabu afe akitazama ukuta, nani atainunua? Nikaziacha kurasa chini ya kitanda, nikaandika nyingine, na nyingine, mpaka zikawa riwaya nne.

Kisha mama yako akafariki akatuacha, ukiwa darasa la nane. Sina haja ya kukueleza mwaka ule. Sisi sote wawili tulikuwa ndani yake, kila mtu kwenye kona yake, tukila ugali mbichi niliousonga mimi. Sikuandika hata mstari. Nani angeniambia, "Hapo umedanganya"? Mchapishaji, mtu mmoja aliyekuwa na chumba juu ya duka la vipuri mjini, alinipigia simu kila Ijumaa: "Mwalimu, wasomaji wanauliza kama Bi Zuhura amekufa." Nilitaka kumwambia ndiyo.

Ulikuwa kidato cha pili, miaka kumi na sita, uliponiletea madaftari matatu yaliyofungwa kwa uzi wa sweta. Ulisimama hapo karibu na nguzo ya taruma, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Baba, soma hii. Lakini usishike kalamu."

"Kwa nini nisishike kalamu?"

"Nakujua. Na usicheke. Ni stori tu, Haboba aliniambia tukisuka vikapu. Mimi nimeimalizia."

Unakumbuka yaliyofuata. Wiki mbili baadaye uliniuliza, nami nikakwambia mvua imevuja juu ya kabati, madaftari yamelowa yakawa uji, nimeyatupa. Ulitazama juu ya kabati. Kisha ukasema, "Sawa tu, Baba. Ilikuwa stori." Na kesho yake ukaazima ngazi na mkebe wa lami kwa jirani, ukapanda juu ya mabati ukaziba tundu, ili karatasi zangu mimi zisilowe. Nilikuwa chini nimekushikia ngazi. Nakumbuka nyayo zako, zilikuwa na lami kwenye kisigino.

Hukuandika tena. Mwalimu wako wa Kiswahili aliniuliza kwa nini insha zako zimekuwa fupi, nikamjibu unapenda sayansi. Ukapenda sayansi kweli. Ukawa muuguzi, tena mzuri. Nimeona unavyomgeuza mgonjwa, kwa sababu mgonjwa huyo ni mimi. Sisemi maisha yako ni makosa. Nasema kulikuwa na mlango mwingine, na mimi ndiye niliyekuwa nimeushika kitasa.

Na unakumbuka riwaya ya Achieng. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne. Huyo rafiki yako wa mtaa wa Olympic alikuazima kitabu, ukaingia nacho kwapani, bado hujakifungua. Nilipoona jalada nilikunyang'anya, nikakitia jikoni mbele yako, makaa yakawaka.

"Baba! Hata sijafungua! Si yangu, ni ya Achieng!"

Achieng alikuja kukidai. Nilimsikia pale barazani: "Buda yako amechoma kitabu ya watu? Zii, Nekesa, hiyo ni unoma. Nyinyi mnaomba Mungu gani?" Mkakosana. Miaka mitatu hamkusalimiana, na wewe uliamini baba yako amefanya vile kwa ajili ya kanisa. Ulinitetea hata kwa Senge. Nilikusikia ukisema, "Mzee ni mtu wa msimamo."

Mtu wa msimamo. Nimelibeba neno hilo mpaka likanipinda mgongo.

Jua limefika kwenye nguzo ya pili ya baraza. Senge amenipigia, anasema umeondoka kwake, umebeba masweta manne na kuku wa njiani. Nina chini ya saa moja. Nikiiacha kalamu sasa, hutajua kamwe.

Kwa hiyo, mayi.

Mvua haikuvuja. Tundu ulilopanda kuliziba halikuwepo.

Niliyasoma madaftari yako siku uliyonipa, ulipokuwa umekwenda kuchota maji. Ulikuwa umenikataza kalamu, na kabla ya ukurasa wa pili nilikuwa nimeishika. Utaona mikato yangu, utaona nimezungushia *mlangoni* na *mbinguni*, maneno yasiyo na kosa, kama mjinga. Wino mwekundu unaendelea mpaka ukurasa wa kumi na mbili. Hapo unakoma, kwa sababu hapo nilisahau kwamba mimi ni mwalimu. Nilisoma mpaka mwisho nimesimama. Katika miaka yangu yote sijawahi kumpa mtoto alama arobaini kwa arobaini za insha, kwa kuwa tulifundishwa kwamba arobaini ni ya Mungu. Wewe ulistahili arobaini. Ulikuwa umepita pale pa kigoda, mahali ambapo mimi nilikwama mara tatu, na umepita bila kukimbia. Nilipaswa kutoka nje nikupokee ndoo, nikwambie. Badala yake nilisikia ndani yangu kitu kidogo, kibaya, kilichosema: mtoto huyu amekushinda. Na kingine, kibaya zaidi, kikasema: mchapishaji atapiga simu Ijumaa.

Nilinakili yote kwa mkono wangu. Riwaya ya tano ya Bi Zuhura, ile iliyochapwa mara nne, ile ambayo wanawake wa soko walisomeana kwa sauti, ile niliyoichoma mbele yako ili usifungue ukurasa wa kwanza ukayakuta maneno yako mwenyewe: ni yako. Ningeweza kujitetea kwamba ndiyo iliyolipa chuo chako cha uuguzi. Iliyalipa kweli masomo yako. Lakini mtu aliyemwibia mtoto shamba hasifiwi kwa kumletea mahindi.

Madaftari yako matatu yamo kwenye sanduku lako, chini kabisa, yamefungwa kwa uzi uleule wa sweta. Nimeyatia leo mchana ulipotoka. Nimemwandikia pia yule mchapishaji, naye ni mzee kama mimi sasa, nikamweleza kila kitu na kumpa jina lako kamili. Barua hiyo nimeiacha kwa Senge, ili nisiweze kuichoma.

Sikuombi unisamehe kabla ya ndege. Pengine hutaweza hata baada ya miaka, na ukishindwa, ni haki yako. Naomba tu usinihurumie kwa sababu ya moyo huu uliochoka. Na usidhani nitakuwa nimekaa upande wa reli nikisikiliza kila kinachopita. Uende. Sitavuta kigoda.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nizichome barua mbili za kwanza. Sikuiba kitabu chako kama kilivyo. Nilikisahihisha.

Katika madaftari yako, Zainabu anainuka kwenye kigoda asubuhi moja, anachukua mwiko wa kusongea ugali, anaubomoa ule udongo wa dirisha mpaka mwanga unaingia, anakula kiporo akashiba, kisha anatoka kwa mlango, anaifuata reli, wala hageuki. Mimi nilikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, na nilipofika mstari huo niliogopa. Nikaandika kwamba anafika hatua ya saba, anamsikia yule askari akikohoa nyuma yake, anarudi naye ndani. Wasomaji walilia kwa furaha.

Wewe ulimwandika akiondoka, Nekesa. Mimi ndiye niliyemrudisha.

Baba yako,
Wafula